Mboni Zinaitika

"Tazama mbele, usipepese," afisa akasema, akawasha tochi.

Bi Sindano akatazama mbele, kama kweli palikuwa na mbele. Jina hilo alipewa kiwandani, kwenye vyerehani, kwa kuwa hakuna aliyetunga uzi upesi kama yeye. Sasa kiwanda kilitaka cheti cha upofu kabla ya saa kumi jioni, la sivyo aandikwe mtoro na mafao ya miaka kumi na tisa yapotee. Tangu asubuhi alikuwa ameegemea ukuta wa foleni.

"Mboni zinasinyaa. Mama, wewe unaona."

"Sioni, mwanangu. Barua ya daktari hiyo hapo."

Afisa akaisoma harakaharaka. "Chembe za kuonea zimekufa... zimebaki chache za kupima mwanga, ndizo zinazoiamuru mboni ijifunge... hazimwonyeshi mgonjwa kitu." Akaikunja. "Fomu yangu haina chembe, mama. Inauliza mboni zinaitika au haziitiki. Basi."

Maneno kama hayo Bi Sindano aliwahi kuyasema mwenyewe. Akiwa na miaka kumi na mmoja alimmulika mama yake, aliyekuwa amepofuka, kwa tochi, akaona mboni zikinywea, akatoka mbio hadi uani: "Mama anajifanya! Macho yake yanacheza!" Wapangaji wakacheka. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemshika mama mkono hadi bombani. Alianguka mtaroni mara mbili, na mara ya pili hakuinuka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mengine yote yalikuwa yamefutika machoni pa Bi Sindano. Uso wa mama yake ndani ya mwanga wa tochi, la.

"Mama yangu aliniambia jicho linaujua mwanga, yeye haujui," akasema. "Sikumwamini."

"Watu wamejaa nje, mama. Weka dole gumba hapa, kwamba umekubali unaona."

"Hapa wapi?"

"Hapa." Kidole kikagonga karatasi. "Si ndiyo hapa!"

Mkono wa Bi Sindano ukapapasa, ukakipata kikombe cha chai, ukakimwaga. Afisa akasonya. Akaukamata mkono, akalichovya dole gumba kwenye wino, akaliongoza hadi kwenye mstari, akalikandamiza.

"Anayefuata!" akaita. Kisha akashusha sauti. "Polepole hapo mlangoni, mama. Kuna ngazi mbili."