Mfungo wa Jumamosi

Muthomi alikuwa winga wa kushoto, na miguu yake haikujua kutulia. Kutoka kijijini kwao Kanyakine alikwenda Nairobi, kisha Dar es Salaam, Lusaka, Muscat, hadi Bosnia kwenye theluji. Timu tisa kwa miaka kumi na minne. Watu wa kwao walizitaja timu hizo kwa mbwembwe, ingawa nusu yao hawakuweza hata kuzitamka. Januari timu ya tisa ikamwacha. Hakumwambia mtu. Angerudije mikono mitupu, yeye aliyesindikizwa na kijiji kizima? Akabaki huko huko akibisha milango ya timu, na kila Jumamosi akipiga simu nyumbani kusema ametoka uwanjani.

Mei akarudi, kumzika mama yake.

Waombolezaji walipokwisha kuondoka, alikaa jikoni na dada yake Makandi, ambaye ndiye aliyemuuguza mama. Makandi alikuwa akisugua sufuria zilizopikiwa mukimo.

"Usijilaumu ati hukufika mapema," alisema. "Mama mwenyewe alikataa tukuite. Alisema uko na mechi."

Muthomi aliinamisha kichwa kwa aibu.

"Na vile alikuwa anakufungia na kukuombea! Kila Jumamosi, tangu uende Nairobi. Hakuli kitu mpaka upige simu useme mmeshinda ama mmeshindwa. Daktari alimkataza. Alimwambia, na hii sukari yako, mama, utaanguka. Mama akasema, mtoto wangu akivunjika mguu huko mbali, nani atamuuguza?"

Miaka yote hiyo Muthomi hakujua. Jumamosi zote tangu Januari mama alishinda njaa, naye yuko kitandani anabuni mabao. Tena ile ya mwisho aliiona simu ikiita, akaliona jina la mama, lakini alikuwa amechoka kudanganya. Aliifunika kwa mto ikalia mpaka ikanyamaza.

"Ile Jumamosi ya mwisho hukushika simu, tukajua bado mko uwanjani," Makandi aliendelea. "Nikamwekea uji. Akasema, ngoja kwanza, labda wameongezewa dakika. Asubuhi nikapata uji uko pale pale, na yeye hawezi kuongea."

Aliacha kusugua, akamtazama kaka yake kwa upole. Hakuwa na kinyongo hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza Muthomi zaidi.

"Hata sisi hatukujua matokeo. Kwani mlishinda?"

Angeweza kusema mbili bila. Ulimi ulikwisha kuzoea. Alikitazama kigoda cha mama kando ya meko.

"Hatukucheza," alisema. "Sina timu tangu Januari."

Makandi alibaki ameishika sufuria. Kisha akaiweka chini polepole, akatoka nje, na Muthomi akamsikia akilia upya, kilio ambacho hakukilia hata kaburini.