Wiki ya Ishirini na Sita

Simu ya Bertil ndiyo iliyomharibia Torunn asubuhi, na Bertil mwenyewe alipiga kwa utani tu.

"Hongereni, dada yangu," alisema kutoka Uppsala, Uswidi. Kazi yake kule ilikuwa ile ile ya Torunn hapa Trondheim: kuhesabu nchi yake inatumia kiasi gani kwa utafiti. "Miaka yote mko nyuma yetu, leo mmeturuka kama mbuzi anavyoruka ua. Kwani maprofesa wenu hawafundishi tena? Wamehamia maabara na magodoro yao?"

Torunn alicheka. Alipoweka simu chini, kicheko kilikuwa kimekauka.

Ilikuwa saa nne. Saa saba mchana waziri angefika na waandishi wa habari kupokea jedwali la mwaka la taasisi yao, linalozipanga nchi za kaskazini kwa fedha zinazotia katika utafiti wa vyuo vikuu. Safari hii Norway ilikuwa ya kwanza. Oddvar, mkuu wao, alikuwa ameshaagiza keki ya marzipani, ile ya lozi na sukari.

Mhadhiri hulipwa mshahara mmoja kwa kufundisha na kutafiti. Kujua sehemu ya utafiti, hapana budi umwulize: wiki fulani, ulifundisha saa ngapi, ulitafiti saa ngapi? Torunn alikuwa akiwauliza hivyo kwa miaka kumi na tisa, na sikuzote ilikuwa wiki ya kumi na moja, mwezi wa Machi, madarasa yakiwa yamejaa.

Alifungua kabati, akatoa hojaji moja. Juu kabisa, kwenye nafasi ya wiki, pameandikwa 26.

Mwisho wa Juni! Wanafunzi wameshakwenda makwao. Nani atajibu kwamba alikuwa darasani?

Akakumbuka. Machi ile Asbjørn, mumewe, alipooza upande wa kulia. Oddvar alikuja mezani kwake, akamvisha koti kwa mikono yake mwenyewe, akasema, "Nenda ukakae naye, mama. Hojaji zitangoja." Zikangoja kweli. Aliporudi Juni alibadili namba ya wiki, akazituma, mawazo yake yote yako kwa Asbjørn aliyekuwa akijifunza upya kushika kijiko.

Akinyamaza, nani atajua? Desemba anastaafu. Akisema, atamwaibisha mbele ya waziri mtu yule yule aliyemvisha koti. Lakini waziri alikwisha kusema redioni kwamba nchi iliyo mbele ya wenzake inaweza kupunguza mwendo kidogo, maana yake fedha za utafiti. Na binti mmoja mtafiti wa chuo kikuu aliyekuwa akimzoeza Asbjørn kila Jumanne, akijaribu mbinu yake mpya ya kuamsha vidole, hakumharakisha hata siku moja. Alikuwa akilipwa kwa fedha hizo hizo.

Saa tano aligonga mlango wa Oddvar. Alimkuta akila mkate wake wa jibini ya kahawia, karatasi imetandazwa mezani.

"Jedwali lina kosa," alisema Torunn. "Kosa ni langu."

"Kosa gani? La nukta?"

"La wiki nzima."

Aliweka hojaji mbele yake. Oddvar alisoma, mkate ukabaki hewani.

"Ishirini na sita," alisema polepole. "Wiki hiyo hata mimi ningeandika natafiti. Natafiti samaki mtoni." Hakucheka. "Umejua lini?"

"Sasa hivi. Bertil kanitania kwenye simu."

"Kumbe Mswidi ndiye katuokoa! Hilo usimwambie mtu." Alijifuta midomo kwa muda mrefu. "Mimi ndiye niliyesema zitangoja."

"Ulisema kwa wema."

"Ndiyo, ila wema wangu haukutazama kalenda."

Akainua simu, akaipigia wizara. Torunn alisimama akisikia sauti ya upande wa pili ikipanda.

"Hapana, haliwezi kutoka hivyo," alisema Oddvar. "Mstari wetu utabaki mtupu mpaka tuwaulize upya Machi. Jina la aliyekosea? Andika langu."

Torunn alifungua mdomo. Oddvar aliinua kiganja kumzuia.

Waziri hakuja. Keki ndiyo iliyokuja, saa saba kamili, ina bendera na namba moja kubwa ya sukari. Walisimama wawili kuitazama.

"Watakufanya nini?" aliuliza Torunn.

"Bodi inakaa kesho. Sijui, mama." Alikwangua ile namba kwa kisu, taratibu, akahakikisha haijabaki hata alama. Kisha akakata kipande, akakifunga katika karatasi ya mkate wake, akampa. "Mpelekee Asbjørn. Na umwache ale mwenyewe, kwa kijiko."