Bakuli Moja, Ratili Moja

Mizani ile ilikuwa ya kupimia pareto, na mahali pake palikuwa stoo, si jikoni. Siku hiyo memsahibu aliingia nayo jikoni, akaitua mezani mbele ya Chepngeno, mpishi wake.

"Sasa hapana pima kwa macho," memsahibu alisema kwa Kiswahili chake cha shambani. Alichota wali uliobaki sufuriani, akaujaza bakulini, akaushindilia kwa mwiko mpaka ukakazana kama udongo wa kukandika nyumba, ndipo akaumimina kwenye mizani. "Bakuli moja, ratili moja. Askari kumi, ratili kumi. Kesho mimi pima. Kama pungua, wewe eleza sajini chakula nakwenda wapi."

Chakula kilikuwa kinakwenda stoo ya kuni, nyuma ya jiko. Humo alijificha Cucu Wariara, bibi kizee wa Kikuyu, mpishi wa zamani wa nyumba hiyo, aliyemfundisha Chepngeno kushika mwiko. Wakikuyu wa shamba walipopakiwa kwenye malori na kuondolewa kwa sababu ya vita vya msituni, miguu ya bibi ilikuwa imevimba hata kusimama hawezi. Chepngeno akamficha. Wakimpata, bibi atatupwa kambini na hatamaliza mwezi, na Chepngeno atafungwa. Na usiniulize kosa la ajuza asiye na jino hata moja lilikuwa nini, maana hata mimi sijui.

Mchele uliopimwa ulikuwa wa askari kumi tu, waliowekwa kulinda shamba. Lakini wali ukiuchambua vizuri, ukaupakua kwa mkono mwepesi, bakuli hujaa upesi. Yalijaa kumi, na sufuriani likabaki la bibi. Macho ya askari yalishiba kila siku. Mizani, ebo! Mizani haina macho.

Kesho yake Chepngeno alisimama mbele ya moto. Akipunguza cha askari, mizani itasema. Akipunguza cha bibi, bibi hana kingine cha kula. Ndipo akakumbuka wauza maziwa wa kwao Olenguruone, wale wasio na haya, wanaopitia mtoni kabla ya kufika sokoni. Maji yana uzito! Alimimina maji kwenye mchele, akaongeza, akaongeza tena, huku akimwomba Mungu amsamehe. Wali ukanywa yote, ukavimba, ukashikana. Akachota bakuli la bibi, akalificha chini ya karai.

Memsahibu alikuja na sajini Kosgei. Wali ukamiminwa kwenye mizani. Mshale ukatetemeka, ukapita, ukarudi, ukasimama kwenye kumi.

"Mzuri," memsahibu alisema, akaenda zake.

Sajini hakuenda. Alichovya kijiko, akakiinua, wali ukaning'inia.

"Mama, huu ni wali au uji?"

"Maji yalizidi kidogo, afande."

"Mama yangu aliuza maziwa Keringet. Ninajua maji huzidi kwa nini." Aliinua karai kwa ncha ya kiatu, akaliona bakuli, akalishusha polepole. "Na kuni hazikohoi. Wiki nzima nasikia stoo yako ya kuni ikikohoa."

Chepngeno alishika ukingo wa meza. Amekwisha. Bibi amekwisha.

Kosgei alijipakulia bakuli lake, akalisukuma kwake. "Mimi nina meno, nitatafuna mahindi makavu. Mpelekee na hili. Na kesho upike wali wa watu, tafadhali, mizani nitaisoma mimi."

Akageuka, akatoka na kuwaita askari wake waje kula.

Chepngeno aliingia stoo ya kuni na mabakuli mawili. Cucu Wariara alionja, akakunja uso.

"Nani alikufundisha kupika wali hivi?" akauliza kwa hasira.

Chepngeno alikaa juu ya magogo, akafunika uso kwa leso, akalia.