Mishono ya Kanzu Ukutani

Jumatatu saa mbili za asubuhi Truphosa aliegemeza ngazi kwenye ukuta wa mtaa wa Kuze, akafungua makopo ya rangi na kuanza kumchora mamake. Wazee kumi na wawili aliowachora kabla yake walikuwa wamekwisha kukaa pale ukutani, wamepangana kwenye baraza la mawe, kila mmoja na kanzu yake. Kamati ya mtaa ndiyo iliyotoa orodha. Jina la mamake, Beryl, halikuwamo, ingawa kanzu zote kumi na mbili alizishona yeye, katika chumba cha kupanga alichokaa miaka arubaini na moja mpaka kufa kwake.

Truphosa alimkalisha mwisho wa baraza, sindano mkononi. Yeye mwenyewe alizaliwa katika chumba kile, na hakuwa na nia ya kuomba ruhusa.

Alasiri Nasser, mwenyekiti wa kamati, akaja na ndoo ya chokaa.

"Masalkheri, Ami."

"Masalkheri, mwanangu. Mamako twampenda, Mungu yuwajua. Kanzu yangu ya harusi ni mkono wake. Lakini ukuta huu ni wa wenyeji."

"Na yeye?"

"Yeye alikuwa mgeni wetu."

Mgeni wa miaka arubaini na moja! Truphosa alikasirika. Aliosha brashi zake, akamtazama Nasser akimpaka mamake chokaa.

Asubuhi ya pili mishono yote ya kanzu za ukutani ilikuwa imefumuka. Marehemu Akil, babake Nasser, alikaa bega wazi; jirani yake mikono ya kanzu ilikuwa imemwangukia mapajani. Wazee walijisitiri kwa viganja bila kulalamika. Watoto wa madrasa wakapita, wakawaamkia kama kawaida. Alawiya, ambaye duka lake laelekeana na ukuta, alitundika leso mbele yao kwa ajili ya stara, akarudi kupima sukari.

Kamati ikakutana, na Truphosa akaambiwa aifunge mishono kwa rangi. Akaifunga. Ikafumuka kabla rangi haijakauka.

"Hawa wataka fundi," Alawiya alisema kutoka dukani. "Na fundi mumempaka chokaa."

Basi Truphosa akamchora mamake tena, pale pale. Kabla ya magharibi bega la Akil lilikuwa limefungwa, kwa mshono mdogo mdogo ambao Kuze nzima waujua. Nasser alivaa miwani, akaukagua, akaridhika.

"Kazi nzuri," alisema. "Sasa mfute."

Hivyo mambo yakapata ratiba. Alhamisi Truphosa huchora na Beryl hushona, ili Ijumaa iwakute wazee na stara zao. Jumamosi Nasser hupaka chokaa. Jumapili mishono hufumuka, na leso ya Alawiya hurudi mahali pake. Orodha bado ina majina kumi na mawili. Truphosa alipopewa kazi ya ukuta wa shule kule Tudor, aliwaambia mapema kwamba Alhamisi hapatikani, na mwaka mzima hajakosa hata moja.

Chokaa juu ya rangi, rangi juu ya chokaa, mahali pa Beryl pamevimba. Kwanza lilitokeza goti, halafu bega, na sasa kiwiko kimeingia njiani, kiasi kwamba mwenye mzigo hupita ubavu. Wageni wanaoletwa kutoka Ngome ya Yesu huuliza ni nani huyu. Mwongozaji wao husema ni unyevu wa ukuta. Ikiwa ni Alhamisi, Truphosa humsahihisha kutoka juu ya ngazi, kwa jina kamili la mamake na namba ya chumba.

Jumapili iliyopita Nasser alikuwa akitoka msikitini, ana haraka, akajigonga kwenye bega la Beryl. Chokaa aliyoipaka mwenyewe jana yake ikamshika kwenye kanzu ya kijivu. Alijikung'uta, akasogea kando.

"Samahani, mama," alisema.

Kisha akavuka hadi dukani kwa Alawiya, kununua chokaa ya Jumamosi.