Pale Karibu na Mpini

"Kisu!" Ochan alifoka, kisha akakumbuka kuta za nyumba zile ni nyembamba, akashusha sauti. "Watu wanaacha mashamba na ng'ombe wanakimbia, shemeji. Wewe unaniambia unasubiri kisu?"

"Nimeshakuambia. Sirudii."

"Rudia. Labda mara hii nitaelewa."

Ajok alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, anamenya mihogo kwa kisu kibovu chenye mpini wa plastiki. Kila alipokikandamiza kiliteleza juu ya ganda. Kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu unakitia nguvu na hujui kitakwenda wapi. Hilo alikuwa ameambiwa na mumewe, Odoch, na Odoch ndiye aliyekuwa akigombaniwa jikoni mle, ingawa hakuna aliyekuwa amelitaja jina lake tangu asubuhi.

"Sikiliza," Ochan alisema. Alikuwa mdogo wake Odoch, karani, mtu wa shati lililopigwa pasi, lakini siku hizo alikuwa halali kwake na shati lilionyesha. "Valère, yule Mkongo, anatoka na lori lake Kisenyi. Anapita hapo chini barabarani kabla ya saa sita. Ana magunia ya samaki wakavu, ananyoosha moja kwa moja hadi Busia mpakani, na vizuizini anajulikana. Yule Mkongo ana watoto wake wa kulisha, shemeji, hatarudi kukuchukua kesho. Jana askari walimtia mke wa Obwona kwenye buti la gari mchana kweupe. Wewe uliona."

"Niliona."

"Kosa lake nini? Mume Mwacholi, kabila wanalolisaka, mume polisi. Wewe mumeo nani, padri?"

Mlangoni Acayo, binti mkubwa wa Ajok, aliacha kusuka nywele za mdogo wake Santa akatazama ndani. Ajok akamwashiria kwa kidevu, aendelee.

"Odoch yuko hai," alisema. "Mtu haachi mume hai akaenda kula samaki Kenya."

"Umemwona?"

"Nimeona mkono wake."

Ochan alishika kichwa. "Mungu wangu. Kwenye kisu."

Ndiyo, kwenye kisu.

Walikuwa wamekinunua mwaka waliooana, kabla Wahindi hawajafukuzwa nchini, kwenye duka lililojaa mabakuli na masufuria. Ajok alichagua kinachong'aa. Odoch akakirudisha. Alichukua kingine, cheusicheusi, akakigeuza kuonyesha chuma kilivyopita ndani ya mpini wa mti mpaka mwisho, kikafungwa kwa misumari mitatu. "Kile kizuri kitakuachia mpini mkononi na chuma kwenye malenge," alisema. Mwaka wake wa kwanza polisi walimweka jikoni, na alitoka huko na ukali wa mama mkwe. Kisu hakilali ndani ya maji. Hakikatiwi juu ya sahani ya bati. Ukimaliza matoke unakiosha saa ile ile, maana utomvu wake unakifanya cheusi, unakikausha, unakipaka mafuta ya simsim kidogo. Na kila Jumamosi alikaa kwenye ngazi ya saruji ya mlango wa nyuma, akamwagia kinoo maji, akanoa.

Lakini Ajok alikuwa na ubaya mmoja ambao hata fimbo ya mama yake haikuuondoa. Alishika kisu kama mtu anayeshika kalamu. Kidole cha shahada kilishuka chini kikalala juu ya makali, pale pale karibu na mpini. Mwezi wa kwanza wa ndoa alijikata mara nyingi hata akawa anasonga ugali na vitambaa vidoleni. Odoch alimfundisha kushika upya. Akashindwa. Basi akaacha kumbadilisha mke, akabadilisha kisu: alinoa kuanzia ncha mpaka ukabaki upana wa vidole viwili kabla ya mpini, akasimama hapo. Pale pakawa butu kama mgongo wa kijiko. Mtu mwingine akikiona angesema kimenolewa na mvivu. Kidole cha Ajok kililala pale na hakikudhurika tena.

Kisha Odoch akaitwa kazini siku ya mapumziko yake, akaenda na sare, hakurudi. Ajok alizunguka kituo hadi kituo, akaambiwa aende nyumbani kabla hajaitafutia familia yote mahali pa kulala huko huko. Visu vikawa butu.

Jirani yao Habibah, Mnubi mwenye sauti kubwa na moyo usiofanana na sauti, ndiye aliyevipeleka. Mumewe Marjan alikuwa mpishi kwenye kambi ya jeshi. Huko kulikuwa na wafungwa waliotolewa kupasua kuni na kunoa visu vya jikoni. Habibah alikuwa akipeleka vyake, akamwonea huruma Mama Acayo anayeng'ang'ana na mihogo, akachukua na chake. Kilirudi Ijumaa. "Hii mtu yao hajui kazi," Habibah alilalamika. "Ona, hapa ameacha. Nitaambia Marjan airudishe."

Ajok alikitazama. Akakaa sakafuni. "Acha," alisema. "Acha hivyo hivyo. Ni kizuri."

Tangu siku hiyo alikuwa akikifanya kisu kiwe butu kwa makusudi, anakikwaruza kwenye jiwe la mafiga, ili apate sababu ya kukituma. Habibah hakuuliza. Watu wa miaka ile walijifunza kutouliza. Kisu kilikwenda, kikarudi, na pale karibu na mpini paliachwa kila mara. Odoch alijua ni kisu cha nani, na Ajok alijua kwamba anajua. Mazungumzo yao yote ya ndoa yalikuwa yamebaki hapo.

"Kinakuja leo," alimwambia Ochan. "Kikija kama kilivyokuwa kinakuja, siendi popote. Nitabaki hapa ajue nipo. Siku kisu kitakapoacha kwenda, atafikiri nini?"

"Na watoto?"

Ajok aliutupa muhogo sufuriani, akachukua mwingine.

"Nauliza na watoto, Ajok." Hakumwita shemeji. "Kaka yangu akitoka huko akakuta umewakalisha hawa hapa ili yeye anoe kisu, atakushukuru?"

"Usinisemee kwa mdomo wa Odoch! Wewe ulimtafuta wapi? Ulijificha!"

"Nilijificha, ndiyo. Ndiyo maana nina miguu ya kukujia."

Wangeendelea, lakini Acayo alisema, "Mama, Mama Habibah huyo."

Habibah aliingia kwa mlango wa nyuma bila kupiga hodi, na bila sauti yake. Kisu kilikuwa kimefungwa kwenye kanga kuukuu. Alikiweka juu ya mihogo, akabaki amesimama.

"Kisu yako imefika, Mama Acayo."

"Asante. Kaa, mama."

"Sikai." Alimtazama Ochan, akatazama sufuria, akatazama popote isipokuwa usoni mwa Ajok. "Usinipe tena. Marjan amesema asione tena kisu ya hapa."

"Amekasirika?"

"Hajakasirika. Amerudi, amekaa, hajakula. Amesema tu hivyo."

Ajok alikifungua kisu. Mwanga wa mlangoni ulipita juu ya makali, kuanzia kwenye ncha, ukateremka, ukateremka, wala haukukatika. Ulifika hadi kwenye mti wa mpini. Kilikuwa kimenolewa vizuri sana.

"Ulimwambia arekebishe?" aliuliza. "Pale palipokuwa pameachwa. Ulimwambia Marjan?"

"Wallahi sijasema. Uliniambia niache, niliacha."

Ochan alisogea akainama. Alikuwa amecheka kisu kile asubuhi nzima, sasa alikitazama kama mtu anayesoma jina ukutani. "Pengine anaumwa," alisema haraka. "Shemeji, pengine leo wamempa kuni. Wamempa mwingine visu. Inawezekana, si inawezekana?"

Ajok alichukua muhogo mmoja, akaushika kama alivyozoea, akavuta. Kisu kilipita ndani ya ganda kama ndani ya siagi. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimelala mahali pake pa siku zote. Hakuhisi kitu. Aliona tu muhogo mweupe unakuwa mwekundu.

"Mama, damu!" Santa alisema.

"Naiona."

Habibah alifunika mdomo kwa kanga. Machozi yalikuwa yakimtoka bila kelele, na hapo hapakuwa na haja ya Marjan kusema zaidi. Ajok aliinuka, akamshika bega kwa mkono usio na damu.

"Ulikuwa unajua ni nani?"

"Nilijua siku ile ulikaa chini," Habibah alisema. "Marjan alikuwa anampa ukoko wa wali. Hakuna zaidi aliweza."

"Mwambie ameshukuriwa. Nenda sasa, wasikuone hapa."

Habibah alitoka kama alivyoingia.

Ajok alifunga kidole kwa kipande cha kitambaa, akakaza kwa meno. Kisha alimwaga maji ya sufuria juu ya makaa, na jiko likafoka mvuke na majivu hadi usoni kwake. "Acayo, mvalishe mdogo wako magauni mawili, moja juu ya jingine. Wewe vilevile. Viatu vya shule. Ochan, mihogo hiyo iliyomenywa tia kwenye kikapu, watatafuna njiani. Ule wenye damu tupa."

"Tunakwenda?" Ochan aliuliza, kana kwamba si yeye aliyekuwa akigomba.

"Wewe uliniambia saa sita. Unataka iwe saa saba?"

Alitoka na kisu mpaka kwenye ngazi ya saruji. Jiwe la kunolea la Odoch lilikuwa bado pale pembeni, limekauka, buibui amelifunga kwenye ukuta. Hakuligusa. Alipiga magoti, akainamisha kisu, akakwaruza sehemu ile ya karibu na mpini juu ya saruji, huku na huku, kwa nguvu. Chuma kililia. Acayo aliziba masikio. Ajok alikwaruza mpaka makali yakavunjika na kufa, akapima kwa vidole viwili, akaongeza kidogo, akapima tena. Kitambaa cha kidoleni kilikuwa kimelowa. Alikiosha kisu kwa maji ya mtungi, akakikausha kwa upindo wa gauni lake. Mafuta ya simsim yalikuwa yamekwisha siku nyingi.

"Na vizuizini?" Ochan alisema nyuma yake. "Wakikipata?"

"Ni cha mihogo. Nitawaambia hivyo."

Alikizamisha chini ya mihogo, akajitwika kikapu, akamshika Santa mkono. Mlango aliurudishia tu, kama mtu anayekwenda sokoni. Chini barabarani honi ya lori ililia mara moja, nao walikuwa tayari wanateremka.