Kumi na Nane Siyo Ishirini

Mama yangu aliamka akilia, na Mama si mtu wa kulia ovyo. Nilimkuta ameketi kitandani, nywele hazijabanwa, akaniambia kwamba Baba amepotea njia.

Baba alifariki nikiwa na miaka sita. Alikuwa dereva wa lori la mchele, na lori hilo hilo lilipinduka naye huko milimani, mbali na nyumbani. Sasa Mama alikuwa amemwota kasimamisha lori mwanzoni mwa mtaa wetu, injini inanguruma, anamuuliza msichana muuza tiketi za bahati nasibu, "Mtaa wa Phan Trọng Hậu uko wapi?" Msichana akamjibu kuwa hapa hakuna mtaa wa jina hilo. Baba akatia gia akaondoka.

"Umesikia, Tư? Kauliza njia!" Mama akasema. "Yule mwanamume hajawahi kuuliza njia tangu azaliwe. Siku ya harusi yetu alitupoteza mashambani mpaka jua likazama, mimi na nguo zangu nyekundu, na bado hakuuliza. Ukiona leo kauliza, ujue kapotea kweli."

"Ni ndoto tu, Mama."

"Ndoto tu! Kumbukumbu ya kifo chake ni Jumapili. Nitapika, nitawasha udi, nitamwita. Atafika wapi? Jina la mtaa wamebadilisha, namba wamebadilisha. Pengine miaka yote hii mume wangu hajaonja hata punje ya wali, na mimi nimekaa hapa nanenepa."

Kwetu Vietnam marehemu haitwi kwa jina peke yake. Unawasha vijiti vya udi, unajitaja, halafu unataja anwani yote, namba ya nyumba, mtaa na kata, ndipo ajue chakula kiko wapi. Usipofanya hivyo ni sawa na kumwalika mtu harusini ukaficha harusi iko kwa nani. Na mwaka ule mtaa wetu ulikuwa umeunganishwa na mtaa mrefu wa jirani. Tukapewa jina lao, Lê Thị Nhàn, na kibao kipya kabisa, namba 134. Chini yake, kama kwa kila nyumba, mafundi waliacha kibao cha zamani, chetu ishirini, ili watu wasihangaike. Mama alikuwa amekipaka matope.

Mdogo wangu Út, kitinda mimba, akatoa ushauri huku anapiga mswaki. "Si tumchomee Baba simu ya karatasi, imfikie huko aliko? Sokoni zipo. Tunachora na ramani humo ndani."

Mama akamrushia kandambili, ikampata begani.

"Tư," akanigeukia, "wewe ndiye mwenye mdomo. Nenda ukanitafutie majina yote ya mtaa huu, kwa mpangilio, tangu alipoondoka mpaka leo. Namba vilevile. Nimpe njia nzima, asiwe na kisingizio."

Mimi nauza vipuri vya pikipiki, na subira si mali niliyojaliwa. Lakini nilimwona Mama akisukuma bakuli lake la uji bila kuligusa, na moyo ukaniuma. Nikafunga duka.

Nilianzia kwenye kibanda cha kahawa cha kona, wanapokaa wazee tangu alfajiri kugombania mambo yaliyokwisha. Nikauliza swali dogo tu, kwamba mtaa huu umewahi kuitwaje. Bora ningetupa mfupa katikati ya mbwa. Mmoja akasema ni mtaa wa Kapteni Rivoire, Wafaransa waliuacha hivyo na yeye hajaona sababu ya kuugeuza. Mwingine akamwambia Wafaransa wako walishaondoka na kapteni wao, huu ni Phan Trọng Hậu. Wa tatu akapiga meza, vijiko vikaruka. Huu ni mtaa wa Đoàn Kết, yaani Umoja, tangu vita vilipokwisha, na asiyetaka Umoja aseme! Nikatambua kwamba kila mzee pale alikuwa akiishi katika mtaa wa ujana wake, na wote wanarudi nyumbani salama kila jioni. Nikawanunulia kahawa, na glasi zilipokwisha wakawa wamepatana. Rivoire kwanza, halafu Phan Trọng Hậu, halafu Umoja, na sasa Lê Thị Nhàn. Nikashukuru. Nikauliza na habari ya namba, kwa kukamilisha tu.

"Ahaa," akasema Mzee Chín, kinyozi wa mtaa, akivuta kiti chake karibu. "Namba ndiyo kisa chenyewe. Unaikumbuka nyumba ya mganga wa mitishamba, pale mwanzoni?"

"Ile yenye milango miwili?"

"Zamani ulikuwa mmoja. Mzee alipokufa, wanawe wawili wakagombana, wakajenga ukuta katikati, mpaka jiko likagawanywa. Kila mmoja akataka namba yake. Mji wenye akili ungesema huyu A, huyu B, basi. Lakini nani akubali kuwa B?"

"Hakuna."

"Hakuna! Basi ofisi ikachoka, ikahesabu upya upande wetu wote. Sote tukasogezwa kwa ajili ya viburi viwili. Nyumba yenu ilikuwa kumi na nane, ikawa ishirini. Ya jirani yenu Bảy ilikuwa kumi na sita, ikawa kumi na nane."

Sehemu hiyo niliijua kwa machozi. Bi Bảy mpika vitumbua na Mama walikuwa chanda na pete zamani, wakisukana nywele mlangoni. Lakini kumi na nane kwetu ni namba ya neema, na ilipopigiliwa kwenye mlango wa Bi Bảy, Mama aliamini kwamba shoga yake amempikia mpiga vibao bata mzima ili amwibie namba. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Mmoja akitoka kufagia, mwingine anaingia ndani. Mama aliapa hatatamka ishirini mpaka anaingia kaburini. Hata msoma mita ya umeme, Mama alikuwa akimfokea, kumi na nane siyo ishirini!

Nikiwa nacheka peke yangu nikikumbuka hayo, kitu kikanigonga kichwani.

"Mzee Chín," nikasema polepole, "Mama akimwita Baba, huwa anataja namba gani?"

"Si kumi na nane? Mtaa mzima tunamsikia."

"Na kumi na nane ni nyumba ya nani?"

Mzee aliweka glasi chini. Akanitazama, akatazama wenzake, kisha akacheka mpaka akakohoa, ikabidi tumpige mgongoni. "Masikini Năm!" akasema akijifuta macho. Năm ndilo jina la Baba. "Tangu hapo anakula kwa Bảy!"

Nilirudi nyumbani nikiwa sijui nicheke au niogope. Mama alikuwa jikoni anakata karela, mboga chungu za kujaza nyama. Nikamweleza yote, tangu kapteni mpaka ukuta wa jiko, na nilipofika kwenye kumi na nane kisu kikasimama.

"Kwa Bảy?"

"Kwa Bi Bảy, Mama."

"Miaka yote?"

"Wewe ndiye uliyekuwa ukimwelekeza."

Uso wake ulibadilika rangi. Nikadhani ataanguka, nikanyoosha mikono. Kumbe ni hasira. "Huyu mwanamume!" akasema. "Hata akiwa amekufa! Na katika ndoto hakunidokeza!" Halafu hasira ikamwishia ghafla, akaketi kwenye kigoda. "Ila Bảy hatampa kitu, Tư. Kwa nini ampe? Atakuwa anasimama pale mlangoni kwa watu, kama mdai."

Kisha akainuka, akaoga, akavaa vazi lake la hariri la zambarau la sikukuu, akatoka. Mimi nikamfuata kwa wasiwasi, na kwa umbea pia, sitaficha.

Bi Bảy alikuwa uani anageuza vitumbua. Alipomwona Mama amesimama langoni hakushtuka hata kidogo.

"Umechelewa," akasema. "Nimekungoja tangu nywele zangu zikiwa nyeusi."

"Sikuja kwa ajili yako," Mama akajibu. "Nimemfuata mume wangu."

"Pita ndani basi. Vua viatu, nimepiga deki."

Kwenye madhabahu ya wazee waliotangulia mle ndani kulikuwa na picha ya marehemu mume wa Bi Bảy, na mbele yake bakuli lake. Pembeni, mahali pasipo na picha, palikuwa na bakuli la pili lililochorwa jogoo wa buluu, vijiti vya kulia na kikombe kidogo cha gongo ya mchele. Bi Bảy alikitazama kile kikombe na ukali wake ukapungua.

"Lile ni la Năm," akasema. "Sasa ningefanyaje? Nimekaa nyuma ya ukuta, nasikia mtu ananadi kama yuko sokoni, 'Năm, namba kumi na nane, njoo ule!' Namba kumi na nane iko mlangoni kwangu. Nimfukuze mtu aliyealikwa? Nikampakulia. Mwaka uliofuata ukamwita tena, nikampakulia tena."

"Unampa nini?"

"Samaki wa kukaanga."

"Năm hali samaki! Anaogopa miiba!"

"Kwangu hajawahi kulalamika."

Nilijiuma midomo. Mama alifungua kinywa amjibu, na badala ya maneno yakatoka machozi. Alilia wima, katika hariri yake, mikono imening'inia. "Kwa hiyo alikuwa anakula," akasema. "Bảy, alikuwa anakula."

"Anakula vizuri. Hata udi wake unaungua mpaka mwisho, majivu yanajikunja, dalili kwamba ameridhika."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ulikuwa husemi nami! Nipande juu ya ukuta nipige kelele kwamba mumeo yuko kwangu? Mtaa ungeelewaje?"

Mama akacheka katikati ya kilio, kicheko kile cha kukwaruza ambacho sijakisikia tangu utoto wangu. Alijifuta pua kwa mkono wa hariri, akasema basi, Jumapili hii atamwita kwa anwani mpya, mia moja thelathini na nne, njia yote anayo, Năm arudi kwake.

Bi Bảy alirudi uani kwenye vitumbua vyake, sisi nyuma yake, akageuza kimoja, akageuza kingine ambacho hakikuwa kimeiva. Watoto wake wote wako Saigon na hawaji. "Ni haki yako," akasema bila kuinua uso. "Ila ile ndiyo siku pekee ya mwaka ninayopata mgeni."

Mama alinitazama, mimi nikatazama vitumbua. Kisha akavuta kigoda, akaketi kando ya jiko na vazi lake la zambarau, akachukua mwiko mkononi mwa Bi Bảy.

"Unaviunguza," akasema. "Sikia, Bảy. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa namwalika kwako. Mwaka huu nialike na mimi."

Jumapili tulihamisha masufuria yote. Út alibeba nyama ya nguruwe iliyochemshwa kwa dafu na mayai, akaimwaga njia nzima, akatukanwa na wamama wawili kwa pamoja. Wazee wa kahawa walikuja bila kualikwa, wakaleta chupa, na kabla ya kuketi walikwisha kuanza kugombania jina la mtaa. Bi Bảy alikaanga samaki wake, kwa ukaidi, na Mama akapanga karela zake kando ya samaki hao, kwa ukaidi vilevile. Nyumba ile ilijaa watu mpaka wengine wakala wamesimama langoni.

Mama alisimama mbele ya madhabahu akawasha udi. Akajitaja jina. Kisha kwa sauti yake ile ya mnada akasema mtaa ni Lê Thị Nhàn, ambao jana ulikuwa Umoja, ambao wewe, Năm, uliuacha ukiitwa Phan Trọng Hậu. Namba kumi na nane, ya kibao cha zamani.

Bi Bảy alikuwa amesimama nyuma yake, amemshika kiwiko.

"Endelea kula," Mama akasema. "Leo na mimi nimefika."