Jumamosi ya Chep

Mama anaijua historia yote ya ile bustani ya michezo: ilianza na punda wawili na mashua za kukodi, leo ina treni zinazopindua watu miguu juu. Alisimuliwa na Doreen, nyanya wa kizungu ambaye Mama hulipwa kumtunza hapa ughaibuni, Great Barr.

Mdogo wangu Chep aliahidiwa kupelekwa huko tangu akiwa mfupi kuliko kipimo cha urefu cha getini. Jumamosi hii ndiyo ilikuwa siku yake, ila Mama akaitwa kazini.

Jioni tukaona picha kwenye simu ya Mama: yeye na Doreen, bustanini, wakicheka.

"Ilikuwa shifti ya kazi, Chep," Mama akasema.

"Pole kwa kazi ngumu, Mama," nikamtania.

Hakuna aliyecheka.

"Doreen alifurahi?" Chep akauliza.

"Sana," Mama akasema, akaizima simu.